Mkanda ulilia miezi miwili ndo nikajua unalilia nini

Nna Hilux singo kebini ya zamani, injini yake 3L, ile dizeli ya cc 2,779 isiyo na tabo, nabebea viazi toka Uwemba kuja Njombe mjini na wakati mwingine nashushia Makambako. Hii gari ndo inasomesha wanangu kwahiyo naielezea kama mtu anaemuelezea mgonjwa wake, mnivumilie nikirefusha, maana nilichopitia na feni belti, ule mkanda wa mpira unaozunguka mbele ya injini, mwaka ule sitaki mtu mwingine akipitie kwa sababu tu hakuna aliekaa nae akamfafanulia.

Ilianza mwezi wa sita mwishoni. Mnaoijua Njombe mnajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikoje, saa kumi na moja alfajiri majani yamekakamaa, unapiga hita, ile ya kuipasha injini kabla ya kuiwasha, mara mbili ndo unastati. Siku hiyo nimestati tu gari ikapiga ukelele, iiiiiiiii, mkali kama nguruwe anaekamatwa, mpaka taa ya jirani ikawaka. Kama dakika moja na nusu hivi ikanyamaza yenyewe. Nikasema baridi hiyo. Kesho yake tena, keshokutwa tena, na nikiwasha taa kubwa sauti inaongezeka. Ikishapata moto inatulia kabisa natembea siku nzima sisikii kitu, ndo maana nikaichukulia poa.

Sasa kwanini inalia asubuhi tu, hili nimekuja kulielewa baadae sana lakini nalitanguliza kwa sababu ndo mlango wa mambo yote. Hizi dizeli za zamani ukipiga hita unachota moto mwingi kwenye betri, halafu stata nayo inachota mwingi zaidi, kwahiyo injini ikiwaka tu alternata, ile inayochaji betri, inakuta betri ina njaa, inaanza kuilisha kwa nguvu zote, na alternata inayozalisha moto mwingi inakua nzito kuzungushwa. Ule uzito wote unabebwa na mkanda, na mkanda wenyewe saa hiyo ni wa baridi umekakamaa, kama umelegea au umeisha unateleza kwenye puli, yale magurudumu ya chuma yenye mfereji unamopita mkanda, na huo utelezi ndo unaopiga kelele. Betri ikishashiba kidogo na mkanda ukapata joto basi kelele inakata. Haijapona hapo, imepunguziwa mzigo tu.

Mi sikulijua hilo. Nikampelekea fundi wa karibu, akafungua boneti akasikiliza sekunde tatu akasema feni belti hiyo, akachukua kipande cha sabuni ya mche akausugulia mkanda huku injini inazunguka. Kelele ikakata palepale. Nikamlipa nikaondoka nimefurahi. Siku ya tatu ikarudi na ikawa mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu sabuni imekauka kwenye mkanda, imechanganyika na vumbi la Uwemba, imekua kama msasa. Kuna wengine wanapaka mafuta ya breki, wengine grisi kabisa. Jamani mkanda ni mpira, mafuta yanaulainisha unavimba unakatika kabla ya wakati wake, na kitu kinacholia kwa sababu kinateleza unakiongezeaje utelezi? Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naona bado linafanyika kila siku.

Nikarudi kwa fundi yuleyule, akasema basi tubadilishe. Hapa inabidi nieleze mbele ya 3L pakoje. Kuna mikanda miwili pacha, ya umbo la V, inatoka kwenye puli ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini, inaenda kuzungusha wota pampu, ile ya kusukuma maji ya kupoza injini yenye feni, pamoja na alternata. Halafu kuna mkanda mwingine peke yake wa pawa steringi, na kama gari ina AC kuna mwingine tena. Yangu haina AC. Fundi akaniambia katika wale pacha mmoja ndo umechoka, mwingine bado mzima, nunua mmoja utaokoa hela. Nikanunua mmoja. Duka lenyewe nililipita tu njiani, mkanda hauna hata maandishi ya kueleweka mgongoni.

Ukakaa siku nne ukaanza kulia.

Safari hii fundi akasema haukukazwa vizuri. Akalegeza bolti ya alternata, akachomeka mtaimbo katikati ya injini na alternata, akavuta kwa uzito wake wote mpaka anatetemeka, akaniambia kaza nati, nikakaza. Ukiupiga mkanda kwa kidole unalia ting kama waya wa gitaa. Kweli kelele ikaisha, wiki mbili nzima asubuhi kimya, nikaona jamaa anajua kazi.

Kilichokua kinaendelea humo ndani ni kwamba ule mkanda mpya ni mfupi kidogo kuliko wa zamani uliokwisha kuvutika, kwahiyo wa zamani ulikua unapepea tu na mpya unabeba mzigo wa wawili. Alipokaza mpaka na wa zamani ushike, ule mpya akawa ameuvuta kupita kiasi. Na mkanda uliokazwa kupita kiasi haulii wenyewe, unahamishia maumivu kwenye beringi. Beringi ya wota pampu na ya alternata zinavutwa upande mmoja mchana kutwa. Nilianza kusikia mngurumo mdogo, rrrrr, kama jiwe la kusagia, sio mluzi tena. Sikuupa uzito. Nilikua nimezoea kuogopa mluzi, mngurumo sikujua kama nao ni maneno.

Siku yenyewe nilikua nimepakia viazi naenda Makambako. Barabara ile ina vilima, unapanda unashuka, huku na huku misindano na miwati. Nimemaliza mpando mmoja naanza kushuka nikasikia mlio kama mtu amepiga debe na nyundo mbele, paa, halafu taa nyekundu ya betri ikawaka kwenye dashibodi. Nikasema betri imefanya nini tena. Nikagusa breki kupunguza mwendo, ikashika. Nikagusa mara ya pili ikashika ila nzito. Mara ya tatu pedeli ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe, naikanyaga kwa mguu mzima nimeinuka kwenye siti na gari inapungua mwendo polepole sana, nyuma nna viazi, mbele kuna kona.

Nikarudisha gia ya tatu, ya pili, nikavuta na hendibreki kidogo kidogo, Mungu akanisaidia barabara ilikua tupu na baada ya kona palikua na mpando mwingine. Gari ikasimama yenyewe pembeni. Mikono yangu ilikua inatetemeka sikuweza hata kutoa funguo.

Hili la breki naomba mlisome mara mbili wenye hizi dizeli za Toyota za zamani. Breki yetu inasaidiwa na vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, na dizeli haitengenezi vakyumu kwenye manifodi kama petroli, ina pampu yake ndogo ya vakyumu, na kwenye injini hizi hiyo pampu imefungwa mgongoni kwa alternata. Alternata inazungushwa na mkanda. Kwahiyo mkanda ukichomoka umepoteza chaji, umepoteza wota pampu na feni, na umepoteza usaidizi wa breki vyote kwa mpigo mmoja. Buste, lile dude linalokuongezea nguvu ya kukanyaga breki, inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, zikiisha unabaki na nguvu ya mguu wako. Breki zipo bado, ila inabidi ukanyage kama unaua nyoka, na usikanyage kanyage ovyo ukamaliza ile akiba, kanyaga mara moja ushikilie. Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikua nimeshuka mteremko mkali wa Kitonga na gari hiihii kwenda msibani Morogoro. Na mkanda huohuo. Nikikumbuka nasikia baridi mgongoni mpaka leo.

Kufungua boneti nikakuta feni imelala upande, beringi ya wota pampu imekwisha kabisa, mkanda mmoja umekatika mwingine umechomoka upo chini. Maji yanatiririka. Kilichoniokoa injini ni kwamba nilizima haraka, mshale wa temperecha ulikua ndo umeanza kupanda. Ningesema ngoja nijivute nifike, ningeunguza gasketi ya silinda hedi na hapo ndo habari nyingine.

Nikavutwa mpaka Makambako, na huko ndo nikakutana na yule mzee. Gereji yake ni mti wa mparachichi na kontena. Nimefika, kamwene mzee, kamwene mwanangu, hakuuliza gari ina nini, aliuliza imekua ikisemaje na tangu lini. Nikamsimulia yote, sabuni, mkanda mmoja, mtaimbo. Akawa anatikisa kichwa tu.

Akaniokotea ule mkanda wa zamani akaukata kwa kisu, akanionesha pale palipokatwa, ile V yake. Akachukua puli mbovu iliyokua inazagaa pale akaulaza mkanda ndani ya mfereji. Akasema mwanangu mkanda huu haushiki kwa tumbo, unashika kwa mbavu. Ukiwa mzima mgongo wake unalingana na ukingo wa puli au unazidi kidogo. Ukiisha unazama, ukizama tumbo linagusa chini ya mfereji, likishagusa mbavu hazina kazi tena, hapo hata ukaze mpaka kesho utateleza tu. Akageuza nikaona tumbo la mkanda wangu linang'aa, na puli ya alternata yangu chini ya mfereji nayo inang'aa kama sarafu mpya. Mahali ambapo mkanda haupaswi kugusa kabisa ndo palikua pamesuguliwa. Ushahidi wote ulikua pale tangu mwezi wa sita, ulihitaji tochi tu.

Tukabadilisha wota pampu, mikanda pacha yote miwili kwa pamoja, namba moja mgongoni inayofanana, hilo alisisitiza sana, hata kama mmoja unaonekana mzima unauweka wa akiba usiuchanganye. Kukaza hakutumia mtaimbo. Alternata zetu zina bolti ya kurekebishia, unalegeza bolti ya chini inayoshikilia na ile ya kufungia juu, halafu unazungusha ya kurekebishia taratibu, unabonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili kwa nguvu ya kawaida, uingie kama sentimita moja hivi, basi, unafunga. Akaniambia mkanda mpya unavutika siku za mwanzo, kwahiyo baada ya siku tatu nne za kazi uucheki tena. Fundi wangu wa kwanza hakuwahi kuniambia hivyo.

Nikaondoka najua yameisha. Siku ya pili, gari ipo sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyaga mafuta, nasikia kitu tofauti. Sio iiiiii. Ni chwi, chwi, chwi, kama kifaranga, inafuata mzunguko wa injini, ukikanyaga mafuta inaharakisha, ya moto ya baridi ipo tu. Zamani ningekimbilia kukaza. Safari hii nikampigia mzee, akaniambia chukua maji kwenye kikombe, injini ikiwa inazunguka nyunyizia kidogo upande wa ndani wa mkanda, kaa mbali na feni, usivae koti linaloning'inia wala skafu, halafu nisikilize kwenye simu. Nikanyunyiza. Kelele ikakata kama sekunde kumi, ikarudi. Akasema basi sio kulegea, kulegea ukiweka maji kelele inaongezeka maana unateleza zaidi. Ikipotea halafu ikarudi mkanda unaingia kwenye puli kwa kupinda. Lete.

Hicho kikombe cha maji nimekitumia kwa magari ya watu wengi sasa na kinasaidia sana, kinakupa mwelekeo kabla hujagusa spana.

Makambako mzee akachukua kipande cha bomba la mraba kilichonyooka akakilaza kutoka uso wa puli ya krenki kwenda wota pampu kwenda alternata. Krenki na wota pampu vimelala sawa. Alternata palikua na mwanya, kidole hakiingii ila kadi ya simu inaingia mara mbili tatu. Ndo akaniuliza hii alternata uliibadilisha? Nikakumbuka, ndiyo, mwezi wa tano, nilifunga ya mtumba. Yaani mwezi mmoja kabla kelele haijaanza! Na mimi miezi yote hiyo sijawahi kuvihusisha hivi vitu viwili, wala fundi hakuwahi kuniuliza. Kuifungua wakakuta aliefunga hakurudisha washa moja nene, ile pete ya chuma ya kwenye bolti ya chini, alternata imekaa nyuma kidogo na tundu la sikio lake limeanza kutanuka kwa kucheza. Kwahiyo mikanda ilikua inaingia kwa mshazari tangu siku ya kwanza, inasuguliwa ubavu mmoja, inaisha haraka, inazama, inateleza, inalia. Mkanda ulikua ndo anaelalamika, mwenye kosa alikua amekaa jirani.

Washa ikachongwa, puli ikabadilishwa maana mfereji ulishaharibika, mikanda haikubadilishwa kwa sababu ilikua na siku mbili tu. Kimya.

Tangu hapo nimekua mtu wa kusikiliza, na watu wananiletea magari pale stendi niwasikilizie kabla hawajaenda gereji. Nauliza maswali hayohayo ya mzee. Inalia lini? Kama inalia ukikata usukani mpaka mwisho, usianze kuhangaika na alternata, angalia mkanda wa pawa steringi. Ikilia ukiwasha AC ni mkanda wa AC au kompresa yenyewe imekua nzito. Ikilia asubuhi na ukiwasha taa, alternata na mikanda yake, na hapo pima na betri pia kwa sababu betri iliyochoka inaitesa alternata kila siku na mkanda unaumia kwa kosa la betri. Injini ikiwa inazunguka mita ikikusomea volti 14 hivi kwenye betri chaji ni nzuri, ikiwa 12 na ushee huku inalia basi mkanda unateleza kiasi kwamba hata kazi haifanyi, au alternata yenyewe imekufa.

Kama ni mngurumo sio mluzi, nazima gari nashika feni naitikisa mbele nyuma. Ikicheza, wota pampu inaondoka. Naangalia na kile kitundu kidogo chini ya pampu, kikiwa na michirizi ya maji yaliyokauka rangi ya kulanti, yale maji ya kupoza injini, sili ya pampu imeanza kuvuja. Ikibaki wasiwasi mikanda inatolewa, unazungusha kila puli kwa mkono, ile inayokwaruza unaisikia mpaka kwenye vidole. Unaweza kustati bila mikanda kama nusu dakika kuhakikisha kelele ipo au haipo, injini ya baridi, halafu zima, na usiiendeshe hata hatua moja maana breki nimeshasema.

Na mafuta. Hili linasahaulika. Ile pampu ya vakyumu mgongoni kwa alternata inalainishwa kwa oili ya injini, ina vipaipu vyake, vikianza kuvuja oili inapulizwa na feni inatua kwenye mikanda, unabadilisha mikanda kila mwezi bure. Mwezi uliopita kijana mmoja analia kwamba madukani wanamuuzia mikanda feki, nikamwambia mdogo wangu hebu pitisha kidole hapa chini ya alternata. Kilitoka cheusi. Mikanda yake ilikua mizuri tu, maskini, ilikua inaogeshwa oili.

Sasa hivi nyuma ya siti nna pacha ya akiba iliyofungwa kwenye nailoni isipate mafuta, spana namba 12 na 14, tochi, na kikombe. Kila Jumapili jioni nafungua boneti nabonyeza kwa kidole gumba, natazama mgongo wa mkanda kwenye ukingo wa puli kama umeanza kuzama. Wiki hii wale pacha wako sawa ila wa pawa steringi umeanza kupiga mluzi mdogo nikigeuzia gari pale sokoni, nimekata usukani mpaka mwisho. Maji nimeshanyunyiza, kelele ikaongezeka. Kesho asubuhi kabla sijapakia nalegeza bolti.